Nyota ya BN haikuonekana kwanza na Webb

Je, nyota ya BN (kifupi cha Becklin-Neugebauer, majina ya waliyoigundua) inaonekana kwa sababu darubini ya anga za juu ya Webb ina kioo kikubwa? Hapana, kinachoifanya ionekane si ukubwa wa kioo hicho, ni aina ya mwanga. Nyota hiyo changa, nzito takriban mara 10 ya Jua, imezama ndani ya vumbi nyuma ya Nebula ya Jabari (wingu kubwa la gesi na vumbi angani), umbali wa miaka ya nuru 1,350 hivi. Chembe za vumbi hilo ni ndogo mno, nyingi hazifiki hata mikromita 1 (sehemu ya elfu ya milimita), na huzuia vizuri sana mwanga unaoonekana kwa macho, wenye mawimbi ya takriban mikromita 0.5. Wimbi la infraredi la mikromita 2 ni refu kuliko chembe zenyewe, kwa hiyo sehemu kubwa hupenya.

Ushahidi ni wa zamani: wanaastronomia Becklin na Neugebauer walichapisha ugunduzi wake mwaka 1967 wakitumia darubini ya hapa duniani, kwa mikromita 2.2, ambayo angahewa huipitisha. Mwaka huohuo wanaastronomia wengine, Kleinmann na Low, wakaona, kwenye mikromita 22, wingu zima la vumbi linalong'aa kwa joto la nyota zilizofichwa humo. Kwangu hilo ndilo tamu zaidi: vumbi lilelile linaloficha nyota ndilo linalozitangaza.

Ila zile rangi za kwenye picha za Webb usizichukulie kama zilivyo. Jicho halioni infraredi, wataalamu huzipanga wenyewe, kwa kawaida mawimbi marefu hupewa wekundu na mafupi ubuluu.