Ile koni kando ya KICC ni nini, na inafanya nini kwa noti zetu?

SWALI: Habari mhariri, mimi niko na duka hapa Umoja na kila siku nashika noti zenye picha ya KICC, lile jumba la mikutano la Kenyatta hapa Nairobi, sasa kijana wangu ameniuliza kale kajumba kamechongoka kando ya mnara ni ka nini, na kwa nini tukaweka jengo kwa pesa. Pia nasikia ile sanamu ya Mzee Kenyatta ilileta kesi, ni kweli?
Mama wa duka, Umoja

JIBU: Mama, kijana ameuliza kitu cha maana sana. Huo ni ukumbi wa mikutano. Wengine huona ua la yungiyungi ambalo halijafunguka, lakini mimi naona msonge, nyumba ya duara ya wazee wetu, maana jumba lilichorwa nchi ikiwa imetoka tu kwa mkoloni na watu walitaka kitu kikubwa cha kisasa ambacho ukikiona tu unajua uko Afrika, ndio maana hata rangi yake ni ya udongo uliochomwa na mnara wenyewe haukujengwa pembe nne. Mnara ndio umechukua sifa zote lakini kwangu moyo wa KICC ni huo msonge.

Waliolichora ni Karl Henrik Nøstvik wa Norway na David Mutiso, msanifu wetu wa serikali. Kazi ilianza 1967 ikaisha 1973. Mwanzo ilikuwa iwe makao makuu ya KANU, chama kilichokuwa kinatawala, jengo la kiasi tu, halafu likaongezwa na kuongezwa mpaka mnara ukafika mita 105, na hio 1973 Benki ya Dunia na IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, wakaja kukutana hapo. 2003 serikali ikalitoa kwa chama, sasa ni mali ya umma, na kwangu hapo ndipo lilistahili kweli kukaa kwa noti.

Kesi ni kweli. Katiba, kifungu cha 231, inakubali picha za kuonyesha Kenya lakini inakataza sura ya mtu yeyote, na noti za 2019 zikatoka na KICC pamoja na sanamu ya Mzee Kenyatta ameketi mbele yake, mwanaharakati Okiya Omtatah akaenda kortini, korti ikakataa ombi lake. Mimi bado naona mchoraji angezunguka upande mwingine wa jengo, msonge uonekane vizuri na sanamu ibaki nje.

Shule zikifunga mpeleke tao alione mwenyewe, na ubebe kitambulisho.