Muhogo mchungu, urea na chupa ya asidi amino: majibu kwa wakulima wa Tanga

*Muhogo wangu ni mchungu, hata ngedere hawaugusi. Mbona mizizi imeoza kwa ndani? (Muheza)*

Pole sana, ndugu yangu. Uchungu ulifanya kazi yake, ila kazi yake si kuzuia ugonjwa. Muhogo huchukua asidi amino (vijenzi vya protini) mbili, valini na isolusini, ukazigeuza kuwa linamarini na mwenzake lotaustralini. Mnyama akitafuna, kimeng'enya kilichokuwa kimewekwa mbali na linamarini hukutana nayo, sumu ya sianidi ikatoka. Ndiyo tunayoiondoa tunapoloweka na kuanika makopa. Lakini mizizi yako imeharibiwa na kirusi, nacho hakitafuni, huingizwa na inzi mweupe anayefyonza jani kwa mdomo mwembamba kama sindano. Ulichoeleza kinafanana na ugonjwa wa michirizi kahawia: ukikata mzizi unakuta mabaka makavu kama kizibo cha chupa, ilhali ukiwa barabarani shamba laonekana zima. Ugonjwa huu mtafiti H. H. Storey aliueleza mwaka 1936 akiwa Amani, hapo hapo wilayani kwenu. Nakusihi, usichukue hata pingili moja ya mbegu kutoka shamba hilo.

*Nikizidisha urea mpunga unanawiri, kisha majani yanapata madoa yenye umbo la jicho. Kwa nini? (Mombo)*

Ni kuvu. Naitrojeni ikizidi, jani hulainika na kujaa asidi amino, na kuvu hula hizo hizo. Mashina yakisongamana, umande nao haukauki upesi. Igawe urea, weka kidogo kidogo kwa awamu.

*Jani moja likiugua, mengine hupata habari? Nipo kidato cha sita. (Tanga mjini)*

Hupata, mwanangu, na mimi jambo hili hunisisimua kila nikilifikiria. Jani lililoshambuliwa huchukua asidi amino iitwayo lisini, likaigeuza kuwa asidi ya pipekoliki, kisha likaiongezea oksijeni. Kitu hicho kipya huamsha kinga hata kwenye majani ambayo hayajaguswa. Mwaka 2018 ndipo watafiti walipokionyesha, katika mmea mdogo wa jamii ya kabichi uitwao Arabidopsis.

*Duka la pembejeo wameniambia chupa ya asidi amino inatibu batobato. Ninunue? (Pangani)*

Usinunue kwa sababu hiyo. Muhogo hujitengenezea asidi amino zake zote, na batobato ni ugonjwa wa kirusi; hakuna dawa ya kunyunyiza inayoponya kirusi shambani. Ng'oa mashina yenye majani yaliyojikunja, mapema, yangali machanga. Fedha hiyo nunulia mbegu safi iliyokaguliwa, uipande mbali na shamba la zamani, upande unakotokea upepo.