Je, Yohana Mbatizaji alituma malaika?

SWALI: Katika Luka 7:24 Biblia yangu inataja "wajumbe wa Yohana", lakini rafiki yangu anayesoma Kigiriki ananiambia kwamba neno lililoandikwa pale ni lile lile linalofasiriwa "malaika" kwingineko. Je, ni kweli?

JIBU: Ni kweli. Neno lenyewe ni angelos, na maana yake ya asili ni mwenye kupeleka habari, awe ameshuka kutoka mbinguni au ametembea kwa miguu yake yenye vumbi. Katika Iliadi, utenzi wa kale wa Kigiriki, wapiga mbiu wawili wa mfalme Agamemnon wanapofika kumchukua Briseis, mateka wa shujaa Achilles, Achilles, pamoja na hasira zake zote, anawasalimu kuwa ni angeloi (wingi wa angelos) wa mungu Zeus na wa wanadamu. Nao walikuwa watu tu, tena wenye hofu.

Wayahudi walipofasiri Maandiko yao kwa Kigiriki, kuanzia karne ya 3 kabla ya Kristo, walilitumia neno hilo mahali pa mal'akh la Kiebrania, ambalo nalo humhusu mjumbe wa mfalme sawasawa na mjumbe wa Mungu. Kilatini ndicho kilichowatenganisha: kwa kawaida Jerome, aliyefasiri Biblia kwa Kilatini, aliandika nuntius kwa binadamu na angelus kwa wa mbinguni, na tangu hapo wafasiri wengi wamelazimika kuchagua.

Kwa Luka uchaguzi ni rahisi, kwa kuwa mstari wa 19 umekwisha kusema kwamba Yohana aliwatuma wanafunzi wake wawili. Pagumu ni Ufunuo 2 na 3, kwenye "malaika" wa makanisa saba. Wapo wanaosema kuwa hao ni viongozi wa makanisa, na hoja yao ina uzito, maana yule wa Efeso anakemewa kwa kuuacha upendo wake wa kwanza, jambo lisilomwelekea kiumbe wa mbinguni. Hata hivyo mimi naegemea "malaika", kwa sababu ndiyo maana inayotawala katika kitabu kizima.

Neno letu "malaika", kwa taarifa yako, halikutoka kwenye angelos. Ni la Kiarabu, ndugu wa mal'akh, na huko kwao ni wingi. Sisi tumelifanya la mmoja na la wengi pia. Angelos ameingia Kiswahilini kwa mlango mwingine: euangelion, yaani habari njema, lilipitia Kiarabu likatufikia likiwa "Injili".