Uliza Ujibiwe: Kioo Kikae Wapi Juu ya Bunduki?

SWALI: Salaam aleikum wahariri. Mimi ni askari mstaafu. Barazani hatuishi kubishana na mwenzangu: yeye asema bunduki ya G3 haina mpinzani, mimi nashikilia M4. Tunachokubaliana ni kwamba darubini ikifungwa juu ya M4 hutulia, lakini juu ya FAL na AK haitulii. Kwa nini, na zote ni chuma? — *Msomaji, Likoni*

JIBU: Waleikum salaam, mzee wetu. Tazameni kwanza mtutu umekazwa kwenye kipande gani, kisha kioo, yaani darubini, kimekazwa kwenye kipande gani. Vikiwa juu ya kipande kimoja, ziro, yaani marekebisho ya kioo yanayofanya risasi ipige pale unapolenga, hukaa. Vikiwa juu ya vipande viwili vinavyochezeana, hata darubini ya bei ya gari haitafaa kitu.

Sehemu ya juu ya M4 ni kipande kimoja cha aluminiamu. Mtutu umekazwa mbele yake na reli ya Picatinny, ile yenye vijia vya kufungia vioo, imechongwa mgongoni mwake. Hiyo ndiyo siri yenyewe. FAL ya Ubelgiji, ile ambayo Waingereza waliiita SLR kabla ya kuanza kuibadilisha kwa bunduki ya L85 mwaka 1985, ina mtutu mzuri na mwili mzito, ila darubini yake kwa kawaida hukaa juu ya kifuniko kinachoteleza kwenye vijia viwili. Hebu pigeni hesabu: kifuniko kikicheza sehemu moja ya kumi ya milimita kwa urefu wa sentimita 10, shabaha imehama sentimita 10 kwenye mita 100. Mchezo huo macho hayauoni, lakini kidole kinausikia. Shikeni darubini muitikise. Mkisikia hata mgongano mdogo, msipoteze risasi.

Kifuniko cha AK ni bati jembamba zaidi, na nyuma kinashikwa na fimbo ya springi peke yake. Hapo si mahali pa kioo. Ndiyo maana Warusi waliweka reli ubavuni kushoto, imepigwa ribiti kwenye mwili, na kioo kikifungwa hapo kwa wenzo uliokazwa sawasawa hutulia vizuri. AK-12, iliyoingia jeshini 2018, ilibidi kifuniko chake kiundwe upya ili kibebe reli.

Na G3? Mwenzako hakukosea. Mtutu wake umesukumizwa ndani ya mwili na kufungwa kwa pini, na kishikizi cha makucha, kile kinachobeba darubini, hubana mwili huohuo. Kasoro hutokea kucha moja ikikaa juu ya uchafu au rangi iliyovimba. Mkiongeza teke la risasi ya milimita 7.62 kwa 51, kucha hiyo itateleza kabla ya magazini ya risasi 20 kwisha. Risasi yake ina uzito wa gramu 9.5 hivi, ya M4 gramu 4, kwa hiyo mkivuka mita 300 upepo unaisukuma G3 kidogo kuliko M4. Lakini G3 ina kilo 4 na zaidi, M4 ni kama kilo 3, na anayetembea nayo kutwa anaijua tofauti hiyo begani. Kwa kazi ya kioo sisi tunachagua M4. Kwa masafa marefu bila kioo, G3.

SWALI: Mimi ni mlenga shabaha wa klabu, nina leseni. Nikiziro darubini nazungusha vifundo mpaka nachanganyikiwa, na risasi zinaruka huku na huku. Nihesabu vipi? — *Dada wa Kisauni*

JIBU: Dada, huenda unaifukuza risasi moja moja. Risasi moja haisemi kitu. Piga tano kwa kulenga nukta ileile, usiguse kifundo, kisha tafuta katikati ya kundi la matundu. Hapo ndipo unapopimia.

Kabla ya hayo, hakikisha bunduki haina risasi, ondoa bolti, chuma kinachoziba nyuma ya mtutu, na uiweke bunduki juu ya mifuko ya mchanga. Chungulia ndani ya mtutu kutoka nyuma mpaka uone shabaha ya mita 25 katikati ya tundu, halafu zungusha vifundo mpaka msalaba wa darubini uje palepale. (AK haichunguliki hivyo kwa sababu nyuma yake imezibwa.) Sasa piga za kwanza mita 25, kisha nenda mita 100.

Tuseme kundi lako la mita 100 limeangukia sentimita 9 kushoto na 6 chini. Darubini nyingi zimeandikwa kliki moja ya kifundo ni robo dakika ya pembe (si ya saa), yaani milimita 7.3 kwenye mita 100. Milimita 90 ukigawa kwa 7.3 ni kliki 12 kulia. 60 ukigawa kwa 7.3 ni kliki 8 juu. Kioo cha nukta nyekundu kama Aimpoint CompM4 kina kliki ya milimita 16, kwa hiyo ni 6 kulia na 4 juu. Kosa linalowapata wengi ni kusahau kwamba kwenye mita 25 kliki ya robo dakika ni robo tu ya kipimo hicho: milimita 1.8. Mshale wa kifundo huonyesha risasi itakakohamia, hauonyeshi msalaba. Kwenye vilengeo vya chuma vya bunduki yenyewe, cha nyuma hukisogeza upande unaotaka risasi iende, cha mbele kinyume chake.

Piga tano tena kuhakikisha, lakini uache mtutu upoe kwanza. Mtutu wa moto unaweza kulitawanya kundi. Mfuko wa mchanga uwe chini ya kishikio cha mbele, usiguse mtutu. Usibadilishe aina ya risasi: ukihamia nyingine, ziro yako ya jana si yako tena. Na wahi alfajiri. Kusi ikishachachamaa, au mazigazi yakianza kucheza juu ya mchanga, unapima upepo na joto badala ya bunduki.

Ukifunga kishikizi kwenye reli, kisukume mbele mpaka kigote kwenye kijia ndipo ukaze, kwa sababu teke lingekisukuma huko hata hivyo. Skrubu za pete zinazoshika darubini hutosha kukazwa kwa nyutoni-mita 2. Zaidi ya hapo unaibana bomba la darubini. Tia tone la rangi ya kucha, nusu juu ya kichwa cha skrubu na nusu juu ya pete. Mstari ukikatika, skrubu imezunguka.

SWALI: Kioo changu hupata ukungu kila nikishuka garini. Kimeharibika? — *Msomaji, Mtwapa*

JIBU: Futa kwa kidole kilichofunikwa kitambaa laini. Ukifutika, ni unyevu wa nje tu: kioo kilipoa kwa kiyoyozi kikakutana na hewa ya pwani. Kiache ndani ya begi lake robo saa kabla ya kukitoa. Usipofutika, gesi ya ndani imevuja na kinahitaji fundi. Ukitoka ufukweni, suuza kioo kwanza kwa maji baridi kabla ya kupangusa, maana chembe za chumvi hukwaruza kama msasa. Betri itoe kama hutumii kwa wiki kadhaa.