Pampu inanguruma, maji hayaji: fundi anajibu

Wiki hii nimechagua maswali ya wasomaji waliobakiza hatua moja tu kuingia dukani kununua pampu mpya. Ngojeni kwanza.

Habari za kazi, fundi. Pampu yangu ya nusu hosi pawa inavuta maji kisimani kupeleka kwenye simtanki. Kwa miezi kadhaa ilinibidi kila asubuhi niimiminie jagi la maji ndipo ikamate. Sasa hata nikimimina inanguruma tu. Fundi wa mtaani anasema imekufa. (Msomaji, Kimara)

Nzuri. Mota inayozunguka kwa sauti yake ya kila siku haijafa. Anza na bomba la kuvutia. Mwisho wa bomba hilo, ndani ya maji, kuna futi valvu, kilango kinachoruhusu maji yapande na kuyazuia yasirudi. Jani likinasa hapo, au mpira wake ukichoka, maji yote hurudi kisimani usiku na bomba likaamka limejaa hewa. Jagi lako lilikuwa linalipia deni la futi valvu.

Chomoa plagi, fungua kizibo cha juu, jaza maji mpaka yafurike, kisha tulia utazame. Yakishuka huku unayaona, vuta bomba juu usafishe kilango au ukibadilishe. Yasiposhuka, kuna kiungio kinachoingiza hewa, na hiki ni kigumu kukiona kwa sababu kinavuta, hakidondoshi. Mimi hupaka povu zito la sabuni kiungio kimoja kimoja pampu ikiwa kazini. Pale povu linaponywea ndani, ndipo penye tundu. Zungushia tepu nyeupe upya, kaza.

Ila kuna swali ambalo nadhani hukuulizwa: maji yako chini kiasi gani? Funga jiwe kwenye kamba upime kutoka kwenye pampu hadi usoni mwa maji. Pampu inayokaa juu, kusema kweli, haivuti chochote. Inaondoa hewa bombani, na hewa ya nje inayokandamiza maji ya kisima ndiyo inayoyasukuma yapande. Nguvu hiyo inaishia kama mita 10, hata ukiweka pampu ya hosi pawa tano. Kwa pampu zetu za nyumbani hesabu mita 7 au 8. Kiangazi maji yakishuka mpaka mita 9, utamimina majagi hadi masika. Hapo ndipo unahitaji pampu ya kuzamisha, na fundi wako atakuwa amepatia kwa bahati.

Na tafadhali, usimteremshe kijana kisimani kwenda kuchungulia futi valvu. Hewa ya huko chini huweza kukosa oksijeni, na mtu huzimia kabla hajaita. Pampu ya petroli ikiwashwa kisimani ni mbaya zaidi, moshi wake unaua.

Nikiwasha pampu inavuma "mmmm" halafu inanuka. Haizunguki kabisa. Ilikaa bila kazi tangu Ramadhani. (Msomaji, Tanga)

Zima mara moja, kila sekunde inayopita inaunguza koili. Chomoa plagi, fungua kifuniko cha nyuma, zungusha feni kwa mkono. Ikiwa nzito, kutu au chumvi imeishika. Izungushe taratibu kwenda na kurudi mpaka ilegee. Ikiwa nyepesi, mshukiwa ni kapasita, kile kikopo cheupe au cheusi kwenye kisanduku cha nyaya. Ikivimba au ikivuja, maliza shauri. Nunua yenye namba ileile ya mikrofaradi iliyoandikwa ubavuni, na volti zisipungue za ile ya zamani. Usishike miguu yake kwa vidole hata kama umeme umezimwa: hubaki na chaji, na inarusha shoti.

Yangu inafanya kazi robo saa, inajizima, ikipoa inaendelea. Iko mwisho wa shamba, mbali na nyumba. (Msomaji, Bagamoyo)

Waya. Nina hakika umeunganisha ekstensheni nyembamba. Umwambie fundi umeme apime volti palepale kwenye pampu, tena ikiwa inazunguka, kwa sababu ikiwa imezimwa kipimo kitakudanganya. Ukikuta 190 wakati nyumbani ni 230, mota inajitutumua, inapata joto, na kinga yake ya ndani inakata. Weka waya mnene zaidi. Kama volti ziko sawa, angalia feni ya nyuma haijazibwa na nyasi au viota vya nyigu.

Je, naweza kufunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa ili nipate maji mengi? (Msomaji, Mbagala)

Hapana. Unawanyima majirani, na bomba lenye ufa likivutwa kwa nguvu hunyonya maji machafu ya mtaroni. Acha maji yajae kwenye tanki la chini kwa mwendo wake, kisha pampu ivute humo.

Fundi, pampu yetu ya otomatiki inawaka yenyewe saa nane usiku, sekunde chache, inazima. Mama mkwe anasema nyumba ina mambo. (Msomaji, Mwanza)

Mpe pole mama. Nyumba ina mahali panapovuja. Presha ikishuka kidogo swichi inawasha pampu irudishe. Kabla ya kulala funga koki kubwa inayotoka kwenye pampu kwenda ndani. Ikiendelea kuwaka, valvu ya kuzuia maji kurudi ndiyo mbovu. Ikinyamaza, anza na choo: mimina kikombe cha chai ya rangi kwenye tangi la kuflashi, usiguse kitu kwa nusu saa. Chai ikitokeza kwenye sinki la choo, nunua mpira wa kile kilango cha ndani ya tangi.

Ila ikiwa inawaka na kuzima kila sekunde mbili tatu hata mchana koki ikiwa wazi, hilo ni tungi la presha, lile tungi la hewa na maji lililounganishwa na pampu, limeishiwa hewa. Zima pampu, toa maji yote, kisha jaza upepo kwa pampu ya baiskeli kwenye kile kichuchu chake, ukisimama chini kidogo ya presha ambayo swichi huwasha. Kichuchu kikitoa maji badala ya upepo, puto la ndani limepasuka.