Roboti itamtoa mwanamitindo jukwaani?

SWALI: Shikamoo. Nina miaka 19, naishi Mwanza, urefu wangu ni sentimita 178 na nimeanza kupita kwenye maonyesho madogo ya mavazi. Kaka yangu anasoma uhandisi. Ananiambia nisipoteze muda kwa sababu roboti zitatuondoa wanamitindo. Kitaalamu, jambo hilo linawezekana?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kazi yangu ni kukata nguo na kuhakiki vipimo kabla kiwanda hakijashona mzigo mzima, kwa hiyo nitaanza na nguo, mashine baadaye. Roboti ya kutembea jukwaani isikunyime usingizi. Picha ya kompyuta ndiyo ya kuichunga.

Roboti ilishapanda jukwaani zamani. Machi 2009 taasisi ya utafiti ya AIST ya Japani iliipeleka roboti yake HRP-4C kwenye wiki ya mitindo ya Tokyo: sura ya msichana, urefu sentimita 158, uzito kilo 43 pamoja na betri. Julai mwaka huohuo, Osaka, ikavalishwa gauni la harusi la mbunifu Yumi Katsura. Watu walistaajabu. Lakini ukiitazama ilivyokuwa ikitembea siku zile, angalia magoti: hayanyooki. Kaka yako atakuelewesha kwamba mguu wa roboti ukinyooka kabisa, hesabu zinazoongoza mota hukwama, ndiyo maana wahandisi huliacha goti limepinda ili kiwiliwili kipate nafasi ya kupanda na kushuka bila kupoteza mizani. Mwendo huo umeboreshwa sana tangu wakati ule. Hata hivyo, wewe ukipiga hatua, nyonga moja inashuka, bega la upande wa pili linakuja mbele, na gauni lililokatwa mshazari linazunguka kufuata mwili. Mzunguko ule ndio mbunifu anaoutaka.

Hata roboti inapofanya kazi nzuri jukwaani, humhitaji mtu. Septemba 1998, London, mbunifu Alexander McQueen alimsimamisha mwanamitindo Shalom Harlow kwenye kijukwaa kinachozunguka, mikono miwili ya roboti ikampulizia rangi gauni lake jeupe. Kinachogusa moyo pale ni yeye, anavyoinua mikono kama anayejikinga. Weka mdoli mahali pake, na kinachobaki ni gauni linalopakwa rangi.

Sasa nikupeleke mahali ambapo watu wengi hawapafikirii, chumba cha kujaribishia nguo. Kuna wanamitindo ambao hawapigwi picha kabisa. Kazi yao ni kuvaa sampuli, kukaa, kuinama, kunyanyua mikono, kisha kutuambia nguo inafanya nini mwilini. Huku nako mashine zimeingia: kampuni ya Fits.me ya Estonia ilitengeneza midoli ya roboti inayotanua na kupunguza kifua na kiuno kwa amri ya kompyuta. Ni kifaa kizuri, maana mdoli mmoja unakupa saizi nyingi. Ila haupumui, na haukwambii, "Hapa kwapani panabana."

Neno hilo lina thamani kubwa. Kiwanda kimoja nilichofanyia kazi kiliwahi kupitisha mashati kwa kutumia mdoli tu. Mabega yalikaa sawa, kola sawa, vifungo sawa. Tulipokuja kumvalisha mtu, tukamwomba anyooshe mkono kama anayeshika bomba la daladala. Shati zima likapanda hadi kitovuni. Kwapa lilikuwa limekatwa chini mno, na mdoli ulioshusha mikono siku zote usingeweza kutuonyesha. Tulifumua mzigo. Tangu siku hiyo sisaini sampuli ambayo haijavaliwa na binadamu.

Hofu yangu kwa vijana kama wewe iko kwenye picha za katalogi: shati moja rangi sita, gauni moja mbele na nyuma, siku nzima. Hazina sifa, lakini ndizo zinazomlipia chipukizi kodi ya chumba. Kazi hizo akili mnemba (AI) inaweza kuzichukua, kwa kuwa mnunuzi anatazama kipande cha picha kwenye simu, si nguo inayotembea. Kampuni ya jinzi ya Levi's ilitangaza mwaka 2023 kwamba ingejaribu wanamitindo wa kompyuta. Mwaka 2025 kampuni ya mavazi ya H&M ya Sweden ikatangaza kutengeneza nakala za kidijitali za wanamitindo 30 wa kweli, kwa ridhaa yao. Nakala hiyo haichoki, na inaweza kupigwa picha Stockholm wewe ukiwa umelala Mwanza. Na picha hizo haziwezi kumwonya mtu kwamba nguo inabana, maana hakuna aliyeivaa. Hilo ni hasara kwa mnunuzi pia.

Kwa hiyo jifunze kazi ya chumba cha kujaribishia. Jua vipimo vyako vya kifua, kiuno na hipsi kwa sentimita, na zoea kueleza kasoro kwa maneno ya fundi: kwapa, mshono wa bega, pindo, mshazari. Na kabla hujakubali kupimwa mwili kwa skana, mashine ya kutengenezea nakala hiyo, soma mkataba. Tangu Juni 2025 sheria ya jimbo la New York inataka ridhaa ya maandishi kwa nakala ya kidijitali ya mwanamitindo, ikitaja matumizi yake, malipo na muda. Hapa kwetu madai hayohayo yaandikwe kwenye karatasi yako: nakala itatumika wapi, kwa miezi mingapi, utalipwa kiasi gani kila inapotumika, na nani ataifuta muda ukiisha. Wakikwambia hilo litazungumzwa baadaye, usisimame mbele ya skana.