L.A. Noire: bado inafaa kununua?
Ndugu, umeuliza kama L.A. Noire, gemu ya upelelezi ya 2011, ingali inafaa kununuliwa. Nunua, hata kama ni kwa sababu ya nyuso tu. Waigizaji walirekodiwa kwa kamera 32, kwa hivyo shahidi akidanganya unamwona: anakwepesha macho, anameza mate, mdomo unamcheza. Hapo mimi hunyamazisha kila mtu sebuleni.

Ila kitufe cha kutilia shaka, mojawapo ya machaguo unayopewa shahidi akijibu, kitakukera. Unataka kumbana mjane kidogo tu, Phelps, mpelelezi unayemchezesha, anamfokea kana kwamba ameshamtia pingu! Toleo la 2017 lilibadilisha majina ya machaguo hayo, lakini ukali ni ule ule. Na ukivuruga mahojiano, mara nyingi kesi huendelea tu, jambo linalonipunguzia hamu.

Los Angeles ya 1947 imejengwa kwa ustadi, ingawa mitaani hakuna mengi ya kufanya. Mimi nikishatoka kwenye foleni ya Jogoo Road jioni sitaki kuona usukani; shikilia kitufe cha kuingia garini, mpelelezi mwenzako ataendesha. Halafu gemu hujihifadhi yenyewe tu. Stima zikipotea katikati ya upekuzi, utaokota ushahidi upya.